Nusu saa na mteja mmoja: mwongozo kamili wa kutumia vipimo vifupi vya akili kwa watu wazima

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika "IQ 74" kwenye fomu ya fundi seremala aliyeletwa baada ya ajali ya bodaboda. Benchi la nje lilikuwa limejaa, nilikuwa na dakika ishirini, nikampa sehemu mbili tu za kipimo, nikapiga hesabu, nikatia sahihi. Wiki chache baadaye namba ile ilinirudia ikiwa imeshaamua jambo: ofisi moja ilikuwa imemwandikia kwamba hafai kurudi kazini. Nilipomwita tena nikagundua kuwa miwani yake ilivunjika kwenye ajali ileile. Siku ya kwanza alikuwa anakisia maumbo asiyoyaona. Hakuna aliyemuuliza, na niliyepaswa kumuuliza ni mimi.

Sijaviacha vipimo vifupi kwa sababu hiyo. Navitumia karibu kila wiki. Ila sasa najua ninalipa nini ninapookoa muda, na bei hiyo naiandika kwenye ripoti ili kila anayeisoma aione. Mwongozo huu unahusu bei hiyo. Nimewaandikia wanasaikolojia, wanafunzi wa uzamili na wasaidizi wa utafiti wanaofanya kazi chini ya msimamizi. Kama hujafundishwa kipimo unachotaka kukitumia, usomee hapa lakini usimpime mtu.

Kwanza tuelewane: kipimo kifupi ni kitu gani?

Kipimo kizima kinachojulikana zaidi ni cha David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue jijini New York. Toleo lake la kwanza lilitoka 1939, la watu wazima likapewa jina la WAIS mwaka 1955, toleo la nne likaja 2008 na la tano 2024. Toleo la nne lina sehemu kumi za msingi na huchukua kama saa moja hadi saa moja na nusu. Alama ya jumla ina wastani wa 100 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa 15. Kila sehemu ina wastani wa 10 na mkengeuko sanifu wa 3. Zishike namba hizo nne, tutazihitaji kwenye hesabu.

Watu wamekifupisha kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua sehemu chache na kuzitoa nzima, kama alivyofanya Doppelt mwaka 1956 kwa sehemu nne, na Ward mwaka 1990 kwa sehemu saba. Ya pili ni kubaki na sehemu nyingi lakini kuruka maswali ndani yake, mtindo wa Satz na Mogel wa 1962. Ya tatu ni kutunga kipimo ambacho ni kifupi tangu kuzaliwa na kukipa majedwali yake yenyewe ya ulinganisho: WASI ya 1999 na WASI-II ya 2011 ziko hapa.

Ukiniuliza, chagua ya tatu ukiweza, ya kwanza ukishindwa, na ya pili iache. Maswali ya sehemu moja yamepangwa kutoka rahisi kwenda gumu, na sheria ya kusimama inategemea mtu kukosa kadhaa mfululizo. Ukianza kuruka, kila swali moja linabeba uzito wa mawili au matatu, na bahati ya kukisia inabeba uzito uleule.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua sanduku

Chukua karatasi uandike sentensi moja: nataka kujua nini, na nani ataamua nini kwa jibu hili? Sentensi hiyo ndiyo inayoamua kama kipimo kifupi kinafaa.

Kinafaa unapotaka kulinganisha makundi mawili katika utafiti, unapochuja nani apelekwe kwenye uchunguzi kamili, au mgonjwa anapochoka baada ya dakika thelathini. Hakifai kwa jambo litakalomfunga mtu: kutambua ulemavu wa akili, kesi mahakamani, fidia, kupewa au kunyimwa kazi. Ulemavu wa akili hautambuliwi kwa namba peke yake hata kipimo kikiwa kizima. Lazima uone pia jinsi mtu anavyomudu maisha ya kila siku, na dalili ziwe zilianza utotoni au ujanani.

Wanasheria wa Marekani walijifunza hili kwa njia ngumu. Florida ilikuwa imeweka mstari wa 70: ukizidi hapo, hoja ya ulemavu wa akili haisikilizwi na unaweza kuuawa kwa hukumu ya kifo. Mwaka 2014, katika kesi ya mfungwa aitwaye Hall, Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa mstari huo kwa kuwa ulipuuza kosa la kipimo, yaani kwamba alama ya mtu huyohuyo inaweza kupanda au kushuka kidogo kila anapopimwa. Hapo walikuwa wakibishania vipimo vizima. Sehemu mbili za dakika kumi na tano zina haki gani ya kuchora mstari kama huo?

Hatua ya 2: Chagua sehemu kwa kufuata swali, siyo kwa kufuata saa

WASI-II ina sehemu nne: Msamiati, Kufanana kwa maneno, Kupanga mabuloku, na Matrisi (maumbo yaliyopangwa kwa kanuni, yenye pengo la kujazwa). Ukitoa zote nne ni kama nusu saa. Ukitoa Msamiati na Matrisi peke yake ni kama robo saa. Ni mchanganyiko mzuri wa maarifa yaliyokusanywa na uwezo wa kutatua jambo jipya. Lakini angalia kisichokuwemo: hakuna kumbukumbu ya muda mfupi, na hakuna kasi ya kuchakata.

Sasa rudi kwa fundi wangu. Mtu aliyegonga kichwa mara nyingi hupungukiwa kasi na umakini, huku msamiati aliojenga kwa miaka thelathini ukiwa umebaki palepale. Kwa hiyo hata kama angekuwa na miwani, nilikuwa nimechagua sehemu ambazo jeraha lake lingeweza kupita bila kuonekana. Kwa mtu kama huyo ni afadhali mpangilio wa sehemu saba wa Ward, ambao ulijumuisha kurudia tarakimu na kunakili alama kwa kasi, au usimfupishie kabisa.

Kwa asiyesoma, au anayezungumza lugha usiyoijua, wengi hukimbilia Matrisi za Raven. Toleo la kawaida, la 1938, lina maswali 60 katika seti tano za maswali kumi na mawili kila moja. Kuna pia matoleo mafupi mawili ya maswali tisa tisa yaliyochapishwa na Bilker na wenzake mwaka 2012. Matrisi hazina maneno, lakini zina desturi zake: kusoma mstari kushoto kwenda kulia, kutafuta kanuni iliyofichwa kwenye karatasi, kuamini kwamba mchoro wa kipuuzi una jibu moja sahihi. Hayo hufunzwa shuleni.

Mtafiti asiye na bajeti aangalie ICAR, hazina ya wazi ya maswali iliyotambulishwa na Condon na Revelle mwaka 2014. Ina toleo la maswali 16: mfuatano wa herufi na namba, matrisi, kuzungusha maumbo akilini, na hoja za maneno. Ni kwa utafiti wa makundi. Usiitumie kumwandikia mtu mmoja ripoti.

Na mnaouliza kuhusu kukadiria uwezo wa *kabla* ya ugonjwa: Waingereza wana njia ya mkato tangu 1982, ya Hazel Nelson, ambayo mtu husoma maneno 50 yenye tahajia ya ajabu. Anayeyajua huyatamka sawasawa. Asiyeyajua huyasoma kama yalivyoandikwa na kukosea. Kwa Kiswahili mtego huo hautegeki. Tunaandika tunavyotamka, na mtoto wa darasa la tatu atakusomea neno asilolijua maana bila kujikwaa. Kwetu itabidi uulize elimu, kazi aliyoifanya, na jamaa wanasemaje: alikuwa anapiga hesabu za mbao mwenyewe? Nani alikuwa anaandika bei?

Hatua ya 3: Kagua lugha na majedwali

Hapa ndipo palipo na shida kubwa kwetu. Majedwali ya WAIS-IV yalitengenezwa kwa sampuli ya watu 2,200 wa Marekani. Ukimpima mvuvi wa Kilwa na kumlinganisha na watu hao, namba utakayopata inasema amesimama wapi kati ya Wamarekani. Inaweza kukusaidia, lakini siyo swali ulilouliza.

Usitafsiri Msamiati papo kwa papo. Neno likihama lugha, ugumu wake nao unahama. Chukua neno "bughudha". Mtu wa Unguja analisikia jikoni. Kijana wa Nairobi huenda akalikuta kwanza kwenye ushairi wa mtihani. Ukiliweka la kumi kwenye orodha kwa sababu neno la Kiingereza lilikuwa la kumi, umeshavuruga mpangilio wote, na sheria ya kusimama haina maana tena. Kama huna toleo lililofanyiwa kazi na kujaribiwa kwa lugha ya mteja, acha sehemu za maneno na useme kwenye ripoti kwamba umeziacha.

Majedwali nayo huzeeka. James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwamba Wamarekani walikuwa wakipanda kwa karibu pointi tatu kila miaka kumi, hivyo anayepimwa kwa jedwali kuukuu huonekana bora kuliko alivyo. Huku kwetu mwendo unaweza kuwa wa kasi zaidi: watoto wa vijijini Embu, Kenya, waliopimwa kwa Raven mwaka 1984 na kundi jingine mwaka 1998 walitofautiana kwa zaidi ya pointi 20. Ni miaka kumi na minne tu.

Hatua ya 4: Mwandae mtu

Kabla ya swali la kwanza, uliza haya, na usikubali jibu la kutikisa kichwa: unavaa miwani, na iko wapi? Unanisikia vizuri masikio yote mawili? Umelala saa ngapi? Umekula? Umekunywa dawa gani leo? Umetafuna miraa jana usiku? Swali la mwisho liulize bila uso wa hakimu, la sivyo utadanganywa.

Kisha kuna ugeni wa zoezi lenyewe. Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi na watoto wa shule karibu na Bagamoyo, wakawapa mafunzo ya chini ya saa moja kuhusu aina ya maswali, na alama zikapanda. Watoto walikuwa na uwezo tangu mwanzo. Walichokosa ni mazoea. Mtu mzima aliyeacha shule darasa la saba miaka arobaini iliyopita yuko katika hali hiyohiyo.

Mimi hutumia mkeka. Ninao mmoja wa ukili wa rangi, nafunika pembe kwa karatasi na kumuuliza: "Mama, hapa palipofichika ukili ungeendaje?" Anacheka, anajibu, na sasa ameelewa matrisi ni nini. Huo si mchezo wa nje ya sheria, kwa kuwa sijagusa swali hata moja la kipimo. Kuongeza mifano *ya kipimo chenyewe* ni jambo jingine, maana hapo umeacha utaratibu ambao majedwali yalijengwa juu yake.

Hatua ya 5: Toa kipimo kama kilivyoandikwa

Hapa sina mengi. Soma maelekezo neno kwa neno, anza pale mwongozo unaposema, simama pale unaposema, pima muda kwa saa na siyo kwa hisia. Simu zizimwe, ya kwako kwanza. Mume au dada wa mteja akae nje, kwa heshima. Andika majibu yote, yakiwemo ya makosa, na uandike anavyofanya kazi: ana haraka, anajisahihisha, anaacha mapema akisema "mimi sikusoma".

Jambo moja la ziada kwa vipimo vifupi: ukiwa na sehemu mbili tu, kuharibika kwa moja kumeharibu nusu ya kazi. Genereta ikinguruma katikati ya Matrisi, usijaze pengo kwa kukisia. Panga siku nyingine.

Hatua ya 6: Piga hesabu sawasawa

Kama kipimo chako kina majedwali yake, kama WASI-II, tumia hayo na uende hatua ya saba. Kama umechagua sehemu mwenyewe kutoka kipimo kizima, usichukue wastani wa alama na kuuzidisha. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye tasnifu.

Tumia utaratibu wa Tellegen na Briggs wa 1967. Tuseme mteja amepata 7 kwenye sehemu moja na 9 kwenye nyingine, na jedwali la kitabu cha kipimo linasema uhusiano kati ya sehemu hizo (0 zisipohusiana, 1 zikipanda na kushuka pamoja kabisa) ni 0.50.

Jumla yake ni 16. Jumla ya kawaida kwa sehemu mbili ni 20, kwa hiyo yuko chini kwa 4. Sasa tafuta mkengeuko sanifu wa jumla: chukua idadi ya sehemu, ongeza mara mbili ya uhusiano, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3. Yaani 2 + 1 = 3; kipeuo chake ni 1.73, mara 3 ni takriban 5.2. Gawanya −4 kwa 5.2, zidisha kwa 15, jumlisha na 100. Utapata kama 88.

Sehemu zikiwa nne, jumlisha mahusiano ya jozi zote sita kabla ya kuyazidisha kwa mbili. Mengine ni yaleyale.

Njia ya wastani (8 iko chini ya 10 kwa 2, na kila pointi ya sehemu inageuzwa kuwa 5 za jumla) ingekupa 90, na utasema tofauti ya pointi mbili haina neno. Haya, jaribu na mtu aliyepata 4 na 4. Njia ya wastani inasema 70. Hesabu sahihi inasema 65. Kuwa chini sana kwenye sehemu mbili kwa pamoja ni nadra kuliko kuwa chini kwenye moja, na njia ya wastani hailijui hilo. Huku chini ndiko watu wanakoandikiwa maamuzi.

Hatua ya 7: Tafuta wigo, halafu utafute wa pili

Kila kipimo kina utegemevu, kutoka 0 hadi 1: kiasi gani alama inabaki ileile pale ambapo mtu hajabadilika. Kosa sanifu la kipimo ni 15 mara kipeuo cha pili cha (1 toa utegemevu). Zidisha kosa hilo kwa 1.96, ulitoe na ulijumlishe kwenye alama, na umepata wigo wa asilimia 95.

Ona kufupisha kunavyogharimu. Kanuni ya Spearman na Brown, ya tangu 1910, inasema kipimo chenye utegemevu wa 0.90 ukikikata nusu kinabaki na 0.82, na ukikibakiza robo tu kinakuwa na kama 0.69. Wigo unapanuka kutoka pointi 9 kila upande hadi 12 na nusu, kisha 16. Alama ya jumla ya WAIS-IV nzima ina utegemevu wa karibu 0.98, sawa na pointi 4 kila upande.

Kwa mteja wetu, sehemu mbili zenye utegemevu wa 0.90 kila moja na uhusiano wa 0.50 zinatoa utegemevu wa pamoja wa 0.93. Kosa ni takriban 3.9, wigo ni 80 hadi 96. Si mbaya, utasema.

Lakini wigo huo unajibu swali la "sehemu hizi mbili zingempa ngapi". Aliyekutuma anataka kujua kipimo *kizima* kingempa ngapi, na hilo lina wigo wake mpana zaidi. Kama uhusiano wa kifupi na kizima ni 0.87, kadirio linasogea kidogo kuelekea wastani, linakuwa kama 90, na kosa la ukadiriaji ni 15 mara kipeuo cha pili cha (1 toa 0.87 mara 0.87), yaani 7.4. Wigo sasa ni 75 hadi 104. Mtu huyohuyo, karatasi ileile.

Na uwe macho na uhusiano wenyewe unaonukuliwa kwenye makala. Mara nyingi watafiti hutoa kipimo kizima mara moja, huchomoa sehemu mbili kutoka humo, kisha huzilinganisha na jumla ambayo sehemu hizohizo zimo ndani yake. Mtu akikosea kwa bahati mbaya kwenye Msamiati, kosa hilo liko pande zote mbili na linahesabiwa kama makubaliano. Smith, McCarthy na Anderson waliliorodhesha mwaka 2000 miongoni mwa dhambi za wafupishaji. Tafuta uhusiano uliosahihishwa, au utafiti ambao kifupi na kizima vilitolewa kila kimoja peke yake.

Hatua ya 8: Andika ripoti isiyoweza kukatwa vibaya

Fikiria karani anayetafuta namba ya kujaza kwenye kisanduku. Usimpe namba iliyosimama peke yake. Mimi huandika hivi:

"Nimetumia sehemu mbili (zitaje) kwa dakika 18. Kadirio la uwezo wa jumla linaangukia kati ya 75 na 104, likilinganishwa na watu wazima wa Marekani. Kumbukumbu ya muda mfupi na kasi ya kuchakata hazikupimwa. Mteja alivaa miwani yake na alielewa maelekezo kwa Kiswahili. Matokeo haya yanatosha kuamua kama apelekwe kwenye uchunguzi kamili. Hayatoshi kuamua ulemavu, ajira au fidia."

Kuna wakubwa watakaorudisha ripoti hii wakidai namba moja. Wape sentensi ileile tena.

Mteja naye ana haki ya kuelezwa, na kwake usiongee kwa wigo. "Mzee, leo tumeangalia mambo mawili tu kati ya mengi. Haya ya maumbo umeyafanya kama watu wengi wa umri wako. Ya haraka haraka hatujayagusa, tutayaangalia ukirudi." Karatasi zake zifungie: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya (2019) na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania (2022) zinakuhusu. Na kurasa za kipimo zisipigwe picha kwenda kundi la WhatsApp hata kama ni la wanasaikolojia watupu, maana swali likishazagaa halipimi tena chochote.

Mwisho, andika juu ya faili, kwa kalamu nyekundu kama unayo, sehemu zipi zimeshatumika na tarehe gani. Atakayempima kwa kirefu baadaye atakuta mtu anayeyajua tayari baadhi ya maswali, na alama za sehemu hizo zitakuwa zimepandishwa na mazoea. Nilipompeleka fundi wangu kwa mwenzangu akapimwe upya, miwani mpya usoni, kitu cha kwanza alichoniuliza kwenye simu kilikuwa hicho: "Ulimpa zipi?" Ilinibidi nipekue faili, kwa sababu sikuwa nimeandika.